Somo la Makatibu: Fedha za Chama Katika Safari ya Nchi Jirani

Wanachama wanaokaa kando ya Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hadi Liuli, Mbamba Bay na Chiwindi, hawaoni ajabu kusikia kwamba jirani yao amekwenda Nkhata Bay au amevuka kuingia Msumbiji. Wanachama wa milimani Umatengo nao, ambao zamani safari yao ndefu ilikuwa ya Songea, siku hizi hushuka Mbamba Bay kwa barabara ya lami. Kwa hiyo mkutano mkuu wa chama cha kahawa unapoamua kuwatuma wajumbe wawili kwenda Mzuzu, penye makao ya chama kikuu cha wakulima wadogo wa kahawa wa kaskazini mwa Malawi, wakajionee namna wenzao wanavyosindika na kuuza kahawa yao, uamuzi huo si mkubwa kupita uwezo wa chama. Shida huanza pale katibu anapofungua kasha na kuhesabu masurufu ya wajumbe hao.

Fedha hizo zikiwa bado mezani zinajulikana: ni shilingi, ziko katika daftari la fedha taslimu, na hati ya malipo imetiwa sahihi. Zikivuka mpaka hugeuka kuwa kwacha, na zikirudi hugeuka tena kuwa shilingi. Katika kugeuka huko mara mbili ndimo fedha nyingi za vyama hupotelea, kuliko mikononi mwa wezi wa stendi. Mwizi huonekana na hupigiwa kelele. Hasara ya kubadilisha haina kelele, na aghalabu hugunduliwa siku mkaguzi anapofika.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, wala si habari ya chama chochote. Viwango vyake navyo ni vya kufundishia tu, visichukuliwe kuwa ndivyo vya leo.

Mjumbe mmoja, mkulima mwaminifu aliyechaguliwa na mkutano kwa sauti moja, alipewa masurufu ya Sh. 600,000 kwa ajili yake na mwenzake. Walipanda meli Mbamba Bay, wakapita pwani yote hadi bandari ya Kyela, kisha wakaenda mpakani Kasumulu. Katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni, kwacha moja iliuzwa Sh. 1.50, yaani fedha zao zingewapa kwacha 400,000 pamoja na stakabadhi. Nje, kijana mmoja akawaambia kwamba yeye anauza kwacha kwa Sh. 1.25, nao watapata kwacha 480,000. Mjumbe akaona kwamba amekiokolea chama chake fedha nyingi. Kijana akahesabu noti mbele ya macho yao, haraka haraka, akamkabidhi, akaondoka. Walipokuwa ndani ya gari karibu na Karonga, mjumbe alihesabu tena akakuta kwacha 440,000. Baadhi ya noti zilikuwa zimekunjwa katikati, hivi kwamba noti moja ilionyesha ncha mbili na kuhesabiwa mara mbili.

Hata hivyo hakufadhaika, maana alizopata zilikuwa bado nyingi kuliko ambazo angepata dukani. Walitumia kwacha 400,000 na kurudi na 40,000. Kikao cha kamati kilipokaa, mjumbe mmoja ambaye ndugu yake ni mwenye mtumbwi wa injini alisema kwamba kila mtu pale mpakani anajua bei ilikuwa Sh. 1.25. Kamati ikapiga hesabu: Sh. 600,000 kwa bei hiyo ni kwacha 480,000. Zilizotumika na zilizorudi ni 440,000. Ziko wapi kwacha 40,000? Ndugu huyo alieleza habari ya noti zilizokunjwa. Hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Akakatwa Sh. 50,000 katika malipo yake ya kahawa, na tangu siku hiyo hakuchaguliwa tena kwa kazi yoyote, ingawa hakula hata senti ya chama.

Katibu yeyote anayesoma mfano huu ataona kwamba mjumbe alikosea mahali pawili, na kosa la pili ndilo kubwa. Kwanza, alibadilisha fedha kwa mtu asiye na leseni, jambo ambalo sheria za fedha za kigeni haziruhusu. Pili, alikubali kupokea fedha bila stakabadhi. Hata kama kijana yule angekuwa mwaminifu kabisa na kumpa zote 480,000, mjumbe bado angekuwa hana ushahidi wa kiwango alichobadilishia, na chama kisingekuwa na msingi wa kuandika hesabu yake. Nafuu ya bei katika kijiwe hununuliwa kwa jina la mchukuzi.

Hapana budi basi kueleza namna hesabu hii inavyoandikwa, maana hapa makatibu wengi husita. Kila duka la fedha na kila benki huwa na bei mbili: ile wanayouzia fedha ya kigeni na ile wanayonunulia. Ya kuuzia huwa juu. Tuseme duka linauza kwacha kwa Sh. 1.50 na kuinunua kwa Sh. 1.40. Mtu akibadilisha Sh. 300,000 atapata kwacha 200,000. Akighairi safari na kuzirudisha papo hapo, atapewa Sh. 280,000. Amepoteza Sh. 20,000 kabla hajanunua hata ndizi. Ndiyo sababu yafaa mjumbe abadilishe kwa mafungu, kadiri ya mahitaji yake, badala ya kugeuza masurufu yote siku ya kwanza kwa furaha ya kufika ugenini. Lakini asisahau kwamba shilingi yetu hubadilika kwa urahisi mpakani, na kadiri aingiavyo ndani ya nchi ya jirani watu wanaoitaka hupungua. Akifika mbali bila kwacha za kutosha, atabadilisha kwa bei ya mwenye shida.

Sasa chukua kwamba katika zile kwacha 200,000 mjumbe ametumia 160,000 na kurudi na 40,000, ambazo ameziuza katika duka lile kwa Sh. 1.40 na kupata Sh. 56,000. Katibu atumie kiwango kipi? Matumizi yote hugeuzwa kuwa shilingi kwa kiwango kilichoandikwa katika stakabadhi ya kununulia, yaani 1.50, wala si kwa kile kilichosikika redioni siku ya marejesho. Kwa hiyo matumizi ni Sh. 240,000. Kwacha 40,000 zilizobaki zilikigharimu chama Sh. 60,000, zikarudisha Sh. 56,000, Sh. 4,000 zinazopungua huandikwa peke yake kuwa hasara ya kubadilisha fedha. Jumla ya 240,000 na 4,000 na 56,000 ni 300,000, na masurufu yamefungwa. Hasara hiyo ya Sh. 4,000 ni ya chama, na mjumbe hapaswi kuilipa, mradi stakabadhi zote mbili zimeambatishwa. Zikikosekana, kamati haina njia ya kutofautisha hasara ya haki na fedha iliyoliwa.

Vyama vingine hujidanganya kwa kuacha kwacha zilizobaki ndani ya kasha, ati zitasubiri safari ya mwakani. Mwezi Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa mara moja, dola moja ya Marekani ikapanda kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Kasha lililokuwa na kwacha 100,000 jioni moja lilikuwa na fedha ya kununua dola 84. Baada ya tangazo zilinunua dola 58 na kitu. Kufuli halikuguswa. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea Mei 2012, dola ilipopanda kutoka kwacha 167 hivi hadi 250. Fedha ya kigeni iliyobaki irudishwe kuwa shilingi kabla mjumbe hajatoka mpakani, na kama imeshindikana, katika juma la kurudi kwake.

Liko pia jambo la noti zilizokufa. Msumbiji iliondoa sifuri tatu katika fedha yake mwaka 2006, na Zambia ilifanya vivyo hivyo mwaka 2013. Noti za zamani za nchi hizo, zenye maelfu na maelfu, bado huweza kukutwa mikononi mwa watu, na mgeni huonyeshwa wingi wa sifuri akadhani ametajirika. Hazinunui kitu. Hapa kwetu, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda hadi tarehe 5 Aprili 2025 wa kurudisha noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003. Jirani wa ng'ambo aliyezificha chini ya godoro anaweza kumlipa nazo mvuvi wetu asiyejua. Kabla ya safari, katibu amwelekeze mjumbe aombe benki imwonyeshe noti halali za nchi aendako, azishike, azitazame kwenye mwanga, ajue iliyo kubwa kuliko zote ni ya kiasi gani. Huko Malawi noti ya kwacha 5,000 ilianza kutumika Januari 2022, na asiyeijua huweza kuikataa iliyo ya kweli au kuipokea ya uongo.

Wengine hupendelea kuchukua dola. Si vibaya kwa safari ndefu, lakini dola chafu, iliyochanika au kuandikwa kwa kalamu, hukataliwa katika maduka mengi ya fedha ya kwetu na ya jirani, na zile za kabla ya mwaka 1996, zenye picha ndogo ya kichwa, mara nyingi hupewa bei ya chini ingawa Marekani kwenyewe ni halali. Zikibaki, chama kisifikiri kununua nazo vifaa hapa nchini: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutoza na kulipa bei za ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni. Zipelekwe benki. Kadhalika, anayevuka mpaka na fedha taslimu zenye thamani inayofikia dola 10,000 anawajibika kuzitangaza kwa ofisa wa forodha. Ni chama gani cha msingi kitakachombebesha mjumbe mzigo wa namna hiyo? Kiasi kikubwa hupita benki kwa hundi au kwa hawala, na mchukuzi habebi ila posho na nauli.

Juu ya kuzibeba, wazee hawakuwa wajinga. Mwanamume alitia fedha kibindoni na mwanamke akazifunga katika pindo la kanga, na mpaka leo hakuna mfuko wa dukani unaoshinda sehemu hizo mbili, kwa sababu mwenye fedha huzihisi mwilini kila anapojigeuza. Ubaya wake ni mmoja: pindo halifunguliwi sokoni mbele ya watu. Kwa hiyo fedha ya siku, ya chakula na ya gari, ikae mfukoni peke yake, na ile kubwa isionekane mpaka mjumbe awe chumbani na mlango umefungwa. Nauli ya kurudi nyumbani ikae kwa mjumbe wa pili tangu siku ya kwanza, wala isiguswe. Wajumbe wawili wasilale na fedha yote katika mfuko mmoja, maana wakiibiwa wote wawili watakuwa ombaomba.

Ziwani kuna hatari ya maji zaidi ya hatari ya watu. Meli ya MV Mbeya II ni kubwa na ina nafasi ya kukaa, lakini wengi bado husafiri kwa mitumbwi ya injini, na upepo wa Mwera ukivuma kutoka kusini kila kilicho chomboni hulowa. Noti, stakabadhi na hati ya kusafiria zifungwe katika nailoni mbili na kukaa mwilini. Mzigo uliotupwa chini ya shehena si mahali pa fedha za chama.

Simu nayo isitegemewe bila kuuliza. Wakala wa Mzuzu huhudumia mitandao ya Malawi, kama Airtel Money na Mpamba, na mjumbe asiyeuliza kampuni yake kabla ya kuondoka huenda akawa na salio simuni asiweze kupata chakula cha jioni. Mwenye kadi ya benki aiarifu benki yake kwamba anasafiri, na aelewe kwamba mabenki yako mijini. Namba ya siri haiandikwi katika karatasi ile ile iliyofunika kadi. Jambo hili laonekana dogo, lakini hutokea.

Ikiwa fedha zimeibwa kweli, mjumbe aende polisi wa mahali hapo siku ile ile, hata kama hana tumaini la kuzipata, apewe hati yenye namba na tarehe. Kwa hati hiyo kamati yaweza kujadili kufuta hasara. Bila hati hiyo, deni hubaki katika jina lake.

Zoezi la kamati: Mjumbe amepewa Sh. 450,000, akanunua kwacha kwa Sh. 1.50 na stakabadhi anayo. Ameleta risiti za malazi kwacha 90,000, chakula 70,000 na magari 45,000. Amerudi na kwacha 80,000. Wanakamati waonyeshe ni kwacha ngapi hazina maelezo, ni shilingi ngapi kwa kiwango cha stakabadhi, na waseme ni maswali gani watakayomuuliza ndugu huyo kabla hawajaandika neno lolote katika muhtasari.