Kiongozi Asiye na Hatia Anapoulizwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake wema.

Katika mambo yanayowatia watu mashaka ni kumwona mtu mwenye cheo na heshima akitakiwa atoe maelezo juu ya amana aliyopewa. Wapo wanaosema papo hapo: "Lau angekuwa msafi asingeulizwa." Na wapo wanaosema: "Mtu kama huyu haulizwi, kumwuliza ni kumvunjia heshima." Kauli zote mbili ni makosa. Ya kwanza inaigeuza tuhuma kuwa hukumu, na ya pili inaigeuza heshima kuwa pazia. Somo hili linakusudia kueleza jinsi mja mwema anavyosimama mbele ya watu pale anapotuhumiwa, naye anajua mbele ya Mola wake kwamba hana hatia.

Mwanzo wa jambo hili umo katika Sura ya Yusuf, kuanzia aya ya 50. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alikuwa gerezani kwa kosa asilolitenda. Mfalme alipopata tafsiri ya ndoto yake akaamrisha aletwe. Mlango wa gereza ulikuwa wazi, na mjumbe alikuwa amesimama akimngoja. Yusuf hakutoka. Alimwambia mjumbe arejee kwa bwana wake akamwulize khabari ya wale wanawake waliojikata mikono.

Na izingatiwe adabu iliyomo humo. Hakumtaja mke wa Mheshimiwa aliyemsingizia, wala hakusema kwamba fulani ni mwongo. Alitaka tu lile suala lifunguliwe na waulizwe waliokuwapo. Mfalme akawaita wale wanawake, nao wakakiri kwamba hawakumjua kwa uovu wowote, kisha mke wa Mheshimiwa mwenyewe akasema kweli. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba aliisifu subira hii ya Yusuf.

Jambo jingine limo katika mpangilio wa aya zenyewe. Ombi la Yusuf la kusimamishwa juu ya hazina za nchi limekuja katika aya ya 55, baada ya uchunguzi kumalizika. Lau angetoka kwa msamaha wa mfalme, angepata uhuru wake, lakini kila kibaba cha nafaka ambacho angekigawa wakati wa njaa kingegawiwa na mtu ambaye watu wanamshuku. Kwa hiyo alipotaka kuulizwa alikuwa akiwafikiria pia wale ambao siku moja wangekuja kusimama mbele yake kutaka chakula.

Mtume (s.a.w.) naye hakuliachia neno la shaka lilale hata usiku mmoja. Alikuwa katika itikafu, na mkewe Bibi Safiyya akaja kumzuru. Alipomsindikiza usiku, wakapita watu wawili wa Ansari nao wakaharakisha mwendo. Mtume akawasimamisha akawajulisha kwamba huyo ni Safiyya. Wakaona ni jambo zito kwao kudhaniwa kwamba wangemshuku Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye akawaeleza kuwa Shetani hupita ndani ya mwanadamu kama ipitavyo damu. Hakuna aliyekuwa amemtuhumu. Alieleza kabla ya kuulizwa, ili kuzilinda nyoyo za wale wawili.

Ama kiongozi aliyeulizwa hasa, hadharani, msikiti kwa msikiti, ni Saad bin Abi Waqqas. Yeye ni katika wa mwanzo waliosilimu, na ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu huko Qadisiyya. Alipokuwa gavana wa Kufa, mji uliojengwa mwaka 17 Hijria (638), baadhi ya watu wake walimshitakia kwa Khalifa Umar bin al-Khattab, na katika mashitaka yao walifika kusema kwamba hata kusali hajui vizuri. Tuhuma gani inaweza kumchoma zaidi mtu aliyejifunza Sala kwa Mtume mwenyewe?

Umar akamwondosha katika kazi na akamwita amwulize. Saad hakuyaleta mbele majeraha yake ya vita wala utangulizi wake katika Uislamu. Alijibu lile aliloulizwa: kwamba anawasalisha Sala ya Mtume bila ya kuipunguza, katika Isha huzirefusha rakaa mbili za mwanzo na huzifupisha mbili za mwisho. Jibu lake lilikuwa fupi na la mambo yanayoweza kuhakikishwa na kila aliyesali nyuma yake. Umar akamwambia kwamba hiyo ndiyo dhana yake kwake. Hata hivyo dhana nzuri haikumzuia kuchunguza, akawatuma watu pamoja naye Kufa kuwauliza wenyeji. Hawakuacha msikiti ila waliuuliza, na wote wakamsifu kwa wema, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Hapo akasimama mtu mmoja akasema kwamba Saad haendi na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu.

Saad alikuwapo akisikia. Hakumkatiza maneno wala hakutaka akamatwe. Alimwombea dua nzito kwa sharti kwamba awe ni mwongo aliyesimama kwa ajili ya kuonekana, na Hadithi inaeleza kwamba dua ile ilimpata. Wapo watakaosema kuwa kusamehe kungekuwa bora zaidi, na Qur-ani katika Sura ya Shura imemwahidi malipo mwenye kusamehe. Lakini msomaji aone pia kile ambacho Saad hakukifanya: mtu yule alisema aliyoyasema mbele ya gavana mtukufu na akarudi nyumbani kwake salama. Na Umar alipokuwa katika mauti, mwaka 23 Hijria (644), alimtaja Saad miongoni mwa watu sita wa kuchaguliwa Khalifa katika wao, na akabainisha kwamba hakumwondosha Kufa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana. Kwa hivyo aliyemwondosha hadharani ndiye aliyemsafisha hadharani.

Katika historia ya watu wa Istiqama upo msiba unaoonyesha mambo yanavyokuwa pale uchunguzi wa namna hii unapokosekana. Imamu al-Salt bin Malik al-Kharusi alipewa baia Oman mwaka 237 Hijria (851), akatawala miaka 35. Katika zama zake ndipo jeshi la majini lilipopelekwa Sokotra, na wasia wake kwa jeshi lile, wa kuwakataza kuvunja ahadi na kudhulumu, ungali ukisomwa na wanavyuoni. Alipozeeka, Sheikh Musa bin Musa wa Izki alijitokeza kumpinga. Akakusanya wafuasi wake akawaleta mpaka Farq, karibu na Nizwa. Wanaomtetea Imamu wanasema udhaifu wake ulikuwa wa miguu tu, na kwamba akili yake, masikio yake na macho yake vilikuwa vizima.

Kanuni ya wanavyuoni wetu katika jambo hili inajulikana. Imamu haondoshwi kwa uvumi wala kwa kuchukiwa. Tendo lake lazima lithibiti, kisha atakiwe kutubia, na akikataa ndipo anapouzuliwa. Lakini mwaka ule wa 272 Hijria (886) hapakukaa baraza ambalo mashitaka yalitajwa mbele yake na yeye akajibu. Al-Salt aliondoka katika nyumba ya Uimamu, na Musa akampa baia Rashid bin al-Nadhr. Je, alijiuzulu kwa ridhaa yake? Je, alishurutishwa? Au alikimbia damu isimwagike mbele ya mlango wake? Mzee yule alifariki miaka michache baadaye, na masuali yale yakabaki bila jibu.

Hapana shaka kwamba kuepusha damu ni nia njema, na wala haifai kumhukumu mzee mcha Mungu kwa saa ambayo hatukuiona. Lakini matokeo yake yanajulikana. Wale waliomwona amedhulumiwa walimjitenga Musa na Rashid, na wale waliomwona amejiuzulu waliwatetea. Vita vikafuata, naye Musa mwenyewe akauawa. Walioshindwa wakaenda kutaka msaada kwa Muhammad bin Nur, gavana wa Bani Abbas huko Bahrain, naye akaingia Oman na jeshi kubwa mwaka 280 Hijria (893). Wanahistoria wanaeleza kwamba jeshi lile lilipitia Julfar, iliyokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo, na likaiteka Tuam, ndiyo nchi ya Al Ain na Buraimi, kabla ya kuelekea Nizwa. Familia za Dubai zinazokwenda Buraimi siku za mapumziko, safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari, zinafika mahali ambapo jeshi hilo lilipita. Mifalaji ilifukiwa, na Imamu Azzan bin Tamim akauawa.

Ugomvi wa silaha ulipokwisha, ugomvi wa kalamu haukwisha. Wanavyuoni waligawika, wa Rustaq wakiwa na msimamo mkali juu ya Musa na Rashid, na wa Nizwa wakiona kwamba aliyekuwa mbali na jambo lile anapaswa kusimama bila kuhukumu. Katika karne ya 4 Hijria, Sheikh Abu Said al-Kudami aliandika kitabu kizima, al-Istiqama, na sehemu kubwa ya bahathi yake chimbuko lake ni tukio hili moja. Watu waliozaliwa baada ya wote waliohusika kufa walikuwa bado wakiulizana nani wampende na nani wajitenge naye, kwa sababu ya siku moja ambayo hakuna aliyeuliza wala aliyejibiwa mbele ya mashahidi.

Kuondoka, basi, peke yake hakubainishi kitu. Kinachobainisha ni maneno yanayoandamana na kule kuondoka. Jambo hili linaonekana wazi katika mfano wa zama zetu, wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyelelewa Unguja. Mwaka 1976 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa kushukiwa mauaji waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Yeye hakuamrisha mateso hayo wala hakuwa na khabari nayo. Juu ya hayo, Januari 1977 alijiuzulu, na sababu ikajulikana na watu wote: waliofanya uovu ule walikuwa chini ya wizara yake. Hakudai kwamba ameonewa, wala hakuwatupia walio chini yake peke yao. Baadaye alipelekwa Misri kuwa balozi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akawa Rais wa Tanzania. Alifariki tarehe 29 Februari 2024, na katika yaliyotajwa sana na waliomlilia ni kule kujiuzulu kwake.

Na asidhani msomaji kwamba somo hili ni la Maimamu na mawaziri tu. Katika nyumba zetu hapa Dubai, za Deira au za Rashidiya, mna viongozi wa namna nyingine: ami aliyeachiwa mali ya mayatima wa nduguye, kaka anayepokea kodi ya nyumba ya urithi iliyoko Unguja au Mombasa akawagawia wenziwe, mama anayeshika fedha za mchezo wa jamaa. Huyu siku moja huulizwa na kijana aliyebaleghe: "Ami, mali ya baba ilikuwa kiasi gani, na sasa iko wapi?" Mara nyingi ami, naye ni msafi, hughadhibika. Husema, "Mimi niliyekulea ndiye unayenihesabu?" Kijana hunyamaza kwa haya, na shaka hubaki moyoni mwake mpaka siku ya msiba mwingine, ambapo hutoka mbele ya watu wote.

Qur-ani imekwisha kulitatua jambo hili katika aya ya 6 ya Sura ya Nisaa, inayoamrisha kwamba mayatima wanapokabidhiwa mali zao, wawekwe mashahidi. Amri hii haikuwahusu walezi wabaya peke yao. Mlezi mwema ameamrishwa vile vile, na hakuna mlezi mwema anayeweza kusema kwamba Mola wake amemtukana. Katika Dubai mahakama na taasisi ya serikali inayosimamia wakfu na mali za watoto wadogo hutaka hesabu za namna hiyo, na ami anayetayarisha daftari yake, risiti zake na mashahidi wake kabla ya kijana kuuliza, humpokea kwa kusema, "Karibu, mwanangu, keti tuhesabu pamoja; na mwite mama yako na mjomba wako wawepo."

Wazazi watakapowasomea watoto somo hili, wawaulize: Kwa nini Yusuf hakutoka gerezani siku ile ile? Saad angesema nini kwa yule mtu wa Bani Abs kama angetaka kumtisha, na wale waliobaki kuulizwa wangejibu vipi baada ya hapo? Na Imamu al-Salt, lau angetoka akawasimamia watu wa Nizwa na wa Farq pamoja kabla ya kuiacha nyumba ya Uimamu, ni maneno gani ambayo angewaambia?