Hesabu ya Mashine Inayochakaa

Mtu akinunua mashine ya kusaga mahindi kwa Shs. 240,000, je, mwaka ule amepata hasara? Wengi hudhani hivyo, kwa kuwa sanduku lao la fedha limebaki tupu. Kisha mwaka wa pili huhesabu karibu kila shilingi iingiayo kuwa ni faida, wakalipa karo na kununua ng'ombe. Na siku mashine ifapo hawana cha kununulia nyingine. Daftari lao limewadanganya mara mbili.

Mashine huchakaa polepole. Kwa hiyo yapasa sehemu ya bei yake iandikwe kila mwaka miongoni mwa gharama, pamoja na dizeli na mshahara wa msagaji. Ikiwa mashine hiyo yatazamiwa kufanya kazi miaka 8, kisha kuuzwa kama chuma chakavu kwa Shs. 40,000, basi Shs. 200,000 hugawanywa kwa 8, na uchakavu wa kila mwaka ni Shs. 25,000. Njia hii ni nyepesi, nayo yafaa kwa kitu kitumikacho sawasawa mwaka hata mwaka.

Pikipiki ya kuchukulia abiria haiko hivyo, maana thamani yake hushuka mno ikiwa ingali mpya. Hapo ni afadhali kukata sehemu ya thamani iliyosalia. Kwa asilimia 25, pikipiki ya Shs. 160,000 hupungua Shs. 40,000 mwaka wa kwanza, Shs. 30,000 mwaka wa pili, na Shs. 22,500 mwaka wa tatu. Lakini kuandika peke yake hakuleti fedha. Asiyeweka akiba ya kiasi hicho amechafua karatasi tu.

Jambo la pili ni wakati wa kuandika mauzo. Kinyozi alipwaye papo hapo aweza kuandika fedha zinapoingia mkononi. Bali msagaji auzaye unga kwa shule mwezi wa Novemba, akalipwa Januari, ataonekana maskini mwaka huu na tajiri mwaka ujao, ilhali kazi ni ile ile. Huyo na aandike mauzo siku atoapo unga, na deni katika ukurasa wake.

Kuhusu kodi, Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya mauzo yote ya biashara ndogo iuzayo zaidi ya Shs. 1,000,000 na isiyozidi Shs. 25,000,000 kwa mwaka. Katika kodi hiyo gharama hazipunguzwi, wala uchakavu. Mfanyabiashara aweza kuomba kutozwa kodi ya mapato ya kawaida badala yake, lakini huko viwango vya uchakavu vimewekwa na sheria, si na mwenye mashine. Basi hesabu ya kodi huenda isilingane na ya daftari lake, na zote mbili zapasa kuhifadhiwa.