"BORROW" NA "LEND": MANENO MAWILI YASIYOFAA KUCHANGANYWA

Mtu aweza kujua Kiingereza cha kutosha kuandika barua nzuri, na bado akapata hasara kwa ajili ya maneno mawili, "borrow" na "lend". Maneno hayo yahusu jambo moja, yaani mali kutoka kwa mwenyewe na kukaa kwa mwingine mpaka itakaporudishwa. Lakini kila moja hulitazama jambo hilo kwa upande wake.

Asili ya kosa ni kwamba neno la Kiswahili "kuazima" hufanya kazi zote mbili. Juma husema, "Nimeazima jembe kwa Ali," na Ali naye husema, "Nimemwazima Juma jembe." Kiingereza hakifanyi hivyo.

"Borrow" ni kazi ya mwenye kupokea: kuazima kitu, au kukopa fedha. Jina la mwenye mali hutanguliwa na "from". Mfano: "Juma borrowed a hoe from Ali."

"Lend" ni kazi ya mwenye kutoa: kumwazima mtu kitu, au kumkopesha fedha. Jina la mpokeaji hutanguliwa na "to". Mfano: "Ali lends a hoe to Juma." Ikiwa jambo limekwisha kupita, "lends" hugeuka kuwa "lent".

Kwa hiyo ni makosa kusema, "Borrow me your pen." Aombaye kalamu na aseme, "Lend me your pen," au kwa adabu zaidi, "May I borrow your pen?"

Kosa la kalamu huchekesha tu, lakini la fedha huumiza. Tuseme mtu amemkopesha jirani yake shilingi 500, kisha akaandika na kutia sahihi, "I borrowed 500 shillings from my neighbour." Hapo amekwisha kujiandika kuwa mdeni. Mashahidi wakifa au wakihama, karatasi hiyo itabaki kusema kinyume cha kweli, na kuikanusha sahihi yake mwenyewe kutakuwa kazi ngumu. Vivyo hivyo katika hati za mikopo: "borrower" ni mwenye kukopa, ambaye atalipa, "lender" ni mwenye kukopesha, ambaye atalipwa, na "loan" ni mkopo wenyewe.

Historia ya maneno haya yaweza kumsaidia mwanafunzi kukumbuka. "Borrow" latokana na neno la Kiingereza cha kale lililohusu rehani na dhamana, na mtoa rehani ndiye mwenye kuchukua mali. "Lend" ni ndugu ya "loan".

Kabla ya kutia sahihi, kila mtu na ajiulize: Je, mali yaja kwangu, au yatoka kwangu? Ikija ni "borrow". Ikitoka ni "lend". Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo ni mazito zaidi kwake yeye alipaye deni asilolikopa.