Kuchora Usingizi wa Usiku Mmoja

Mwanafunzi anayesinzia darasani kila siku huitwa mvivu, na aghalabu huadhibiwa. Akisema kwamba alilala tangu saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, hasadikiwi. Lakini huenda anasema kweli. Wingi wa saa si kipimo cha kutosha cha usingizi. Mpangilio wa hatua zake nao ni muhimu, na mpangilio huo waweza kuchorwa.

Mawimbi ya ubongo

Ubongo hutoa umeme hafifu mno. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliunasa umeme huo kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Kisha mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambapo macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope.

Siku hizi mgonjwa hulala usiku mmoja maabarani akiwa amebandikwa elektrodi kichwani, kando ya macho na kidevuni. Pumzi yake, mapigo ya moyo na oksijeni ya damu hupimwa pia. Kumbukumbu ya usiku mzima hugawanywa katika vipande vya sekunde 30, na kila kipande hupewa hatua yake:

Kukesha: mtu akiwa ametulia na kufumba macho, mawimbi huwa 8 hadi 13 kwa sekunde.
Hatua ya 1: mtu husinzia, mawimbi hupungua hadi 4 au 7 kwa sekunde.
Hatua ya 2: huzuka vifungu vifupi vya mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde, vilivyonenepa katikati na kukonda pembeni.
Hatua ya 3: usingizi mzito, wenye mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi 2 kwa sekunde.
Usingizi wa ndoto: macho huchezacheza, misuli hulegea, lakini ubongo hufanana na wa aliye macho.

Kusoma mchoro

Katika mhimili wa mlalo huandikwa saa. Katika mhimili wa wima huandikwa hatua, kukesha kukiwa juu na hatua ya 3 chini. Mchoro wa mtu mzima mwenye afya hufanana na ngazi: hushuka hadi usingizi mzito, hupanda, kisha huingia usingizi wa ndoto. Mzunguko huo huchukua kama dakika 90, na hurudiwa mara 4 au 5. Usingizi mzito huzidi mwanzoni mwa usiku, na wa ndoto huzidi karibu na alfajiri.

Koo likiziba na pumzi kukatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo huzinduka kidogo ili mtu avute hewa. Jambo hili likirudiwa usiku kucha, mchoro huwa kama meno ya msumeno. Asubuhi mgonjwa hakumbuki lolote, ila amechoka. Katika ugonjwa uitwao narkolepsia, ambao mara nyingi huanza katika ujana, mgonjwa huweza kuingia usingizi wa ndoto kabla ya dakika 15 kupita.

Hata malale, ugonjwa uletwao na mbung'o, huvuruga mchoro. Vimelea vikifika katika ubongo, usingizi hutawanyika mchana na usiku, bila jumla yake kuongezeka sana. Lakini malale huthibitishwa kwa kuviona vimelea kwa hadubini. Mchoro ni shahidi, si hakimu. Daktari huusoma pamoja na dalili na vipimo vingine.

Zoezi

Mtu mzima alilala kwa muda wa saa 8.
(a) Kumbukumbu yake ina vipande vingapi?
(b) Pumzi yake ilikatika mara 96. Tafuta wastani kwa saa.

Majibu: (a) 960. (b) 12. Kwa mtu mzima mwenye dalili, wastani wa 5 au zaidi huhesabiwa kuwa ugonjwa.

Basi, mwalimu, kabla ya kumwadhibu anayesinzia daima, muulize kama hukoroma, kisha washauri wazazi wake wampeleke hospitali.