Wakili wa talaka nimpate wapi?

*Mwanasheria, tunaishi Mbagala, ndoa ina miaka 14 na nataka talaka. Kijana mmoja nje ya mahakama anataka laki tano "amalize kila kitu", na nyumba niipate mimi. Mie ni mama wa nyumbani tu, sina mshahara. Nimwamini?*
*Mama J., Temeke*

Dada yangu, unaogopa kutapeliwa, na unaogopa kukosa nyumba kwa kuwa huna mshahara. Hofu ya pili ndiyo mtaji wa kijana huyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini mchango hupimwa kwa ushahidi, hivyo wakili wa kweli hawezi kukuahidi nyumba nzima. Anayeahidi ni kishoka. Tafuta jina la wakili yeyote kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi, kisha dai risiti.

Utasema wakili ni ghali. Kweli, ila hatua ya kwanza haimhitaji: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, mkishindwana mpewe hati. Muulize kijana kuhusu hati hiyo, akibabaika, ondoka. Ukishaipata, nenda TAWLA au WLAC, mashirika yanayowapa msaada wa kisheria wanawake wasio na uwezo. Kama unapigwa, usisubiri baraza: nenda leo Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi.