Mifuko Chini ya Macho na Sindano ya Saluni

Shangazi, nina miaka 51, naishi Tanga. Binti yangu anaolewa baada ya miezi miwili. Nikitazama picha za posa sijitambui: mikunjo kwenye kona za macho, chini mifuko imeshuka na weusi umetanda. Nilikuwa napaka krimu ya kuchanganyiwa sokoni. Mwanzo ilinitakatisha, sasa ngozi inawaka moto. Msusi wangu anasema kuna mtu hupita saluni kuchoma sindano, na macho yanarudi ya usichana. Nichome?
Mama wa Bibi Harusi

Mwanangu, hongera kwa harusi. Kutaka kupendeza siku ya mwanao si dhambi, wala sitakwambia uridhike na ulivyo. Ila huyo mtu wa saluni mkatalie leo hii.

Sindano zenyewe ni za aina mbili. Botoksi hulegeza misuli inayokunja ngozi, kwa hiyo hupunguza ile mikunjo ya kona unapocheka. Hukolea baada ya wiki mbili hivi, na ikifika miezi mitatu au minne nguvu yake imekwisha. Mifuko haiigusi kabisa. Fila ni jeli ya kujaza mabonde, na hiyo ndiyo inayonitisha. Mishipa ya damu ya kuzunguka macho imeungana na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia mshipani huweza kuuziba na mtu akapofuka papo hapo. Ni nadra, lakini imewatokea hata mabingwa wanaojua kila mshipa ulipopita, sembuse mtu wa kupitapita na chupa isiyo na lebo.

Sasa chukua kioo, simama mbele ya dirisha mchana. Tazama juu bila kuinua kichwa. Mifuko ikitokeza zaidi, hayo ni mafuta yanayolizunguka jicho. Utando unaoyashikilia umelegea kwa umri, nayo yamesogea mbele. Hakuna krimu ya kuyarudisha. Tiba yake ni upasuaji mdogo wa kope, na uvimbe na damu iliyovilia huchukua wiki mbili hivi kupungua, wakati mwingine zaidi. Kwa miezi miwili uliyonayo nisingethubutu. Kama bado unautaka, panga baada ya harusi. Hospitalini wakikutajia leza, uliza kwanza wamewatibu wangapi wenye ngozi kama yetu, maana ngozi nyeusi ikiunguzwa huacha madoa meusi zaidi ya yale uliyoyakimbia.

Krimu ndiyo haraka yako ya kweli. Michanganyiko hiyo mara nyingi huwa na dawa kali za steroidi, pengine na zebaki. Steroidi hukondesha ngozi, na ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Zebaki huharibu figo. Ukiiacha, ngozi inaweza kuwaka zaidi kwa muda. Usirudie kopo kwa sababu hiyo. Nenda kwa daktari wa ngozi, na ulibebe kopo lenyewe alione. Moshi hapo, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kilichofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Mwombe pia akupimie figo, hasa ikiwa macho huvimba asubuhi na miguu jioni.

Kwa siku ya harusi yenyewe, lalia mto wa juu kidogo, punguza chumvi, weka kitambaa cha maji baridi machoni asubuhi, na jua la Tanga lisikukute bila miwani. Tafuta mpambaji anayejua kuficha weusi, ufanye naye majaribio mapema ngozi ikishatulia. Wanja wa manga uache, mwingi una madini ya risasi. Penseli ya dukani yenye lebo inatosha.

Na kope ikilegea na kushuka ghafla upande mmoja, usingoje miadi yoyote: hospitali siku hiyo hiyo.