Masika Hayangoji Tumbo Lionekane: Somo Kuhusu Malaria na Mama Mjamzito

Mvua ya masika katika Kaunti ya Kwale huanza kushika kasi mwezi wa Aprili na kwa kawaida hufikia kilele mwezi wa Mei. Ni majira ya kupanda mahindi, kunde na mpunga. Ni majira ya mbu pia. Maji yanayotuama mashambani, kwenye matimbo ya mawe na katika nyayo za ng'ombe huwa mazalio ya mbu wa malaria. Yai la mbu hugeuka mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili tu.

Malaria humpata yeyote. Hata hivyo, kuna watu wawili ambao familia inapaswa kuwafikiria kwanza: mtoto wa chini ya miaka 5, na mama mjamzito. Mtoto huonekana, maana akipata homa hulia na nyumba nzima huamka. Mama mjamzito anaweza kubeba malaria bila mtu yeyote kujua, hata yeye mwenyewe.

Malaria isiyo na homa

Mtu aliyekulia Pwani huumwa na mbu tangu utotoni. Mwili wake hujifunza kidogo kidogo kupambana na vimelea vya malaria, ndiyo maana mtu mzima anaweza kuwa navyo katika damu asisikie baridi wala kuumwa kichwa.

Mwanamke anaposhika mimba, mambo hubadilika. Kondo la nyuma, ambalo ndilo njia ya chakula na hewa ya mtoto aliye tumboni, huwapa vimelea maficho mapya. Vimelea hujikusanya humo na kuzuia chakula kumfikia mtoto ipasavyo. Mama huishiwa damu polepole. Huchoka, husikia kizunguzungu, akadhani ni uchovu wa mimba. Mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akazaliwa na uzito mdogo. Mtoto mwenye uzito mdogo huanza maisha akiwa dhaifu kuliko wenzake.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika mimba ya kwanza, kwa sababu mwili wa mama haujawahi kukutana na vimelea vinavyojificha katika kondo. Kwa hiyo kumwambia mwari wa mimba ya kwanza asubiri homa ndipo aende kliniki ni kumchelewesha. Huenda homa hiyo isije kabisa.

Hesabu ya mimba ya Januari

Katika maeneo yenye malaria nyingi, ikiwemo Pwani na ukanda wa Ziwa, mama mjamzito hupewa vidonge vya kumkinga vinavyoitwa SP. Humeza vidonge vitatu kwa pamoja, mbele ya mhudumu. Dozi ya kwanza hutolewa mimba ikishafikia wiki 13, kisha nyingine hufuata kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, hadi wakati wa kujifungua. Mama anapaswa kupata dozi tatu au zaidi.

Sasa tuchukue mfano wa mama ambaye siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa Januari. Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku hiyo. Wiki ya 13 itamkuta mwanzoni mwa Aprili, mvua ndiyo inaanza. Akienda kliniki wakati huo, atapata dozi ya kwanza mwanzoni mwa Aprili, ya pili mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, na ya tatu mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Masika yote yatapita akiwa na kinga.

Mama huyo akingoja hadi wiki ya 28, atafika kliniki katikati ya Julai. Masika yatakuwa yamekwisha. Dozi atakazopata kuanzia hapo zitamsaidia, na asikate tamaa kwa kuchelewa. Lakini miezi ya mbu wengi atakuwa ameipitia bila dawa.

Kutunza siri na kwenda kliniki

Wanawake wengi hawachelewi kwa uzembe. Katika familia nyingi, mimba changa haitangazwi. Mama mkwe au nyanya humshauri mwari anyamaze hadi tumbo litokeze lenyewe, kwa kuogopa kijicho cha watu au aibu mimba ikiharibika. Ushauri huo hutoka katika mapenzi, na mwenye mimba ana haki ya kuamua ni nani aambiwe habari zake.

Kwenda kliniki hakuvunji siri hiyo. Mhudumu wa afya anatakiwa kutunza habari za mama, na kijitabu cha mama na mtoto ni mali ya mama mwenyewe. Anaweza kukiweka sandukuni asimwonyeshe jirani. Nyanya anayetaka kumlinda mjukuu wake aliye tumboni anaweza kuwa ndiye anayemsindikiza mkwewe, wakatoka asubuhi kama watu wanaokwenda sokoni. Majirani wataliona tumbo siku yake ikifika. Mhudumu wa afya ajue mapema.

Mama atakachopata

Pamoja na SP, mama hupimwa wingi wa damu na shinikizo la damu, na hupewa tembe za madini ya chuma na foliki asidi za kumeza kila siku. Tembe hizi zisimezwe kwa chai, kwani chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Mchicha, kunde, maharagwe, dagaa na samaki pia huupa mwili madini ya chuma, lakini havichukui nafasi ya tembe.

Kuna mambo matatu ambayo mama asiyafiche kwa mhudumu. La kwanza, kama aliwahi kudhurika kwa dawa za salfa. La pili, kama anatumia kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kama septrin. Anayeitumia kila siku hapewi SP, kwa kuwa dawa hiyo tayari humkinga. La tatu, kama amenunua tembe za foliki asidi dukani, kwani zile za miligramu 5 hupunguza nguvu ya SP.

SP ni kinga. Mama akipata homa apimwe na apewe matibabu ya malaria, asinunue SP dukani ajitibu mwenyewe.

Neti moja, watu watano

Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Kabla ya wiki ya 13, wakati ambapo SP haijaanza kutolewa, neti yenye dawa ndiyo kinga kuu ya mama. Kama nyumba ina neti moja na watu ni wengi, alale ndani yake mama mjamzito pamoja na watoto wadogo. Baba akienda kuvua usiku, neti isibaki imefungwa juu ikimngoja arudi alfajiri.

Neti mpya ianikwe kivulini kwa siku moja kabla ya kutumiwa. Ichomekwe chini ya godoro au mkeka, isiache nafasi. Ifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kutoa madoa, kisha ikaushwe kivulini. Ikitoboka, ishonwe kwa sindano na uzi. Neti ya kulalia isigeuzwe wavu wa kuvulia wala ua wa kuku.

Mtoto akipata homa

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Si kila homa ni malaria. Pwani kuna pia dengi na chikungunya, zinazoenezwa na mbu anayeuma mchana na kuzaliana katika vifuu vya nazi, magurudumu makuukuu na mitungi isiyofunikwa. Kipimo ndicho kitakachosema.

Malaria ikithibitishwa, dawa inayotumika sana ni AL. Humezwa mara sita kwa siku tatu, baada ya kula au kunyonya. Watoto wengi huchangamka siku ya pili, na hapo ndipo wazazi wengi huacha dawa. Dozi imalizwe yote, na isiwekwe akiba kwa ajili ya mtoto mwingine.

Mtoto akipata degedege, ambayo wazee wengine huiita nyuni, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilala usingizi usio wa kawaida, akipumua kwa shida, au viganja vyake vikiwa vyeupe, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Maombi na dua zifanywe safarini, zisicheleweshe safari. Mama mjamzito naye akimbizwe akiwa na homa kali, kuumwa sana na kichwa, kuona ukungu, kutokwa na damu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni.

Njia ikiwa mbaya

Mvua hukata barabara. Familia inayoishi ng'ambo ya mto au kwenye barabara ya udongo ipange mapema: ni bodaboda au gari gani litaitwa, nauli itatoka wapi, na ni nani atakayebaki na watoto. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji ajulishwe. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji hawa wamekuwa wakipewa mikoba ya vifaa vya kazi, na mmoja wa wajibu wao ni kuwatembelea wajawazito na watoto nyumbani na kuwaelekeza kituoni.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, katika nyumba hii kuna mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa na bado hajaenda kliniki? Nani atamsindikiza?

2. Usiku wa leo, nani analala ndani ya neti, na nani analala nje yake?

3. Mama mjamzito wa hapa amepata dozi ngapi za SP? Siku ya kurudi iliyoandikwa katika kijitabu chake ni ipi?

4. Mtoto akipata homa usiku mvua ikinyesha, atapelekwa wapi, kwa chombo gani, na kwa nauli ya nani?

Familia ikijibu maswali haya kabla mawingu ya Aprili hayajatanda, nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni kwenda kliniki siku iliyoandikwa, hata kama mama anajisikia mzima.